Nyasi Ndani ya Plastiki: Maelezo kwa Wafugaji Kabla ya Msimu wa Kukata

(Maelezo haya yalitolewa kwa wafugaji katika baraza la malisho. Yamechapishwa hapa kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kufika.)



Siku hizi marobota ya nyasi yaliyofungwa kwa plastiki yanaonekana kila mahali: kando ya barabara, juu ya pikapu, hata nyuma ya bodaboda. Mfugaji akiliona robota linang'aa huamini kwamba ndani mna chakula kizuri, na mara nyingi ni kweli. Lakini wapo wanaolipa, wakafungua, wakakuta nyasi nyeusi yenye ukungu. Kwa kuwa pesa zimeshatoka, wanamlisha ng'ombe hivyo hivyo. Shida huanzia hapo, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Plastiki ina kazi moja tu, kuzuia hewa. Nyasi mbichi ikikosa hewa, vijidudu vilivyomo hutumia sukari ya majani na kutengeneza asidi. Asidi hiyo ndiyo huhifadhi malisho, kama maziwa yanavyochachuka kuwa mala. Hewa ikiingia, ukungu huchukua nafasi. Plastiki haiongezi protini. Boma Rhodes iliyoachwa shambani mpaka mbegu zikakomaa itatoka kwenye robota ikiwa vile vile, mashina magumu yasiyo na nguvu. Ikatwe inapoanza kutoa maua. Lusini nayo ikatwe maua yakiwa machache, kama shina 1 kati ya 10.

Wengi hukosea kwenye maji. Mvua za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na nyasi huwa tayari wakati bado kunanyesha. Kuikausha kabisa ni vigumu, na ndiyo maana marobota ya plastiki yamependwa. Hata hivyo nyasi iliyokatwa asubuhi isifungwe saa hiyo hiyo. Ianikwe kwanza, kwa kawaida siku moja ya jua, mpaka inyauke. Maji yakizidi, robota huvuja, hunuka kama siagi iliyooza, na ng'ombe hulikataa. Nyasi ikikauka kupita kiasi, haishikamani vizuri, hewa hubaki katikati na ukungu huota.

Kipimo hakihitaji mashine. Chukua konzi ya nyasi, ikate vipande vifupi kwa panga, ifinye kwa nguvu kwa muda wa kama nusu dakika, kisha fungua mkono. Maji yakidondoka, rudisha nyasi juani. Ikifunguka polepole na mkono usilowe, funga. Ikitawanyika mara moja, imekauka mno.

Nyasi iliyokauka kabisa, ile ambayo ukisokota shina linakatika, haihitaji plastiki. Inahitaji paa na sakafu iliyoinuliwa kwa mbao au magogo. Kuna wanaoifunga kwa plastiki na kuiacha nje wakidhani wanaikinga na mvua. Jua likiwaka, unyevu mdogo uliobaki ndani hugeuka matone chini ya plastiki, na nyasi ikaoza kutoka juu. Huo ni upotevu wa plastiki na wa nyasi.

Robota lizungushiwe plastiki siku ile ile lilipotengenezwa, na lisipitishe saa 24. Matabaka yasipungue 4. Kama nyasi ina mashina makali au itakaa miezi mingi, yawe 6. Fundi anayekodisha mashine anaweza kushawishika kupunguza ili roli limtoshe wateja wengi, kwa hiyo simama karibu uhesabu. Si kumdharau fundi, ni kulinda mali yako.

Baada ya hapo adui ni tundu. Panya, kunguru, kuku wanaoparua, mbuzi wanaopanda juu, watoto wanaocheza, miiba ya migunga. Tundu la ukubwa wa kidole linatosha kuharibu nyasi iliyo karibu nalo, na kadiri siku zinavyopita uharibifu husambaa. Marobota yapangwe mahali palipofyekwa, mbali na miti, pasipotuama maji. Ya mviringo yasimame kwa upande wake bapa, kwa kuwa hapo plastiki ni nene zaidi. Yakaguliwe kila wiki. Tundu lizibwe kwa tepu ya kazi hiyo. Tepu ya ofisini hubanduka kwa jua.

Sasa hesabu ya mnunuzi. Robota la kilo 60 ambalo nyasi yake imenyauka vizuri lina takriban kilo 24 za chakula chenyewe, yaani asilimia 40. Kilo 36 zilizobaki ni maji. Likiwa limefungwa bichi, kwa asilimia 20 tu, chakula ni kilo 12. Bei ni ile ile, uzito ni ule ule, na mnunuzi amelipia maji. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa huhitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Robota zuri humtosha siku 2, hilo jingine siku 1.

Ukubwa nao uangaliwe. Robota likishafunguliwa hewa imeingia, na katika joto letu linafaa kumalizika kwa siku 2 au 3. Mwenye ng'ombe mmoja akinunua robota la kilo 400, litamchukua karibu wiki 2 kulimaliza, na nusu itaoza mbele ya macho yake. Heri madogo, hata kama bei ya kila kilo iko juu kidogo. Tena lisifunguliwe kabla ya wiki 4 tangu kufungwa; wiki 6 ni bora.

Kuhusu ukungu hakuna maafikiano. Si kila ukungu una sumu, lakini hakuna jicho linaloweza kutofautisha. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini. Ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Anayekunywa maziwa hayo ni mtoto wa nyumbani kabla ya mteja wa mjini. Nyasi yenye ukungu basi isipewe ng'ombe, wala mbuzi, wala kuku. Robota likikutwa na panya au nyoka aliyekufa ndani litupwe lote, kwa maana mzoga huzalisha sumu inayoweza kuua ng'ombe kwa siku chache. Kondoo na mbuzi wakianza kuzunguka duara au kutupa mimba baada ya kulishwa sileji iliyoharibika, daktari wa mifugo aitwe mara moja.

Inaeleweka kwamba kumwaga chakula wakati wa njaa kunauma. Katika ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa nchini, na mfugaji aliyepitia hayo hawezi kulaumiwa kwa kusita. Njia ni kukagua kabla ya kulipa. Muulize muuzaji nyasi ilikatwa lini na ina matabaka mangapi. Bonyeza robota pande zote. Kama ni mengi, mwombe afungue moja. Nyasi nzuri ina rangi ya kijani iliyofifia au ya kahawia hafifu, na harufu ya uchachu mtamu. Ikiwa na joto ndani au kunuka, acha.

Mwisho, plastiki na nyavu au kamba zitolewe zote kabla ya kulisha, kwa sababu tumbo la ng'ombe haliwezi kuzisaga. Zikunjwe, ziwekwe kwenye gunia mbali na zizi, zisichomwe. Mwenye robota analolitilia shaka asilifungulie horini. Amwite kwanza afisa wa mifugo wa wadi yake aje alitazame.