Haki ya Kijana Aliyesimamishwa Barabarani



Kijana wa miaka 18 aendeshaye gari katika barabara ya Namanga hana budi kusimama polisi wamwamurupo, na kuonyesha leseni. Huo ni wajibu wake. Lakini Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 humlinda yeye na mali yake asipekuliwe ovyo. Na aulize kwa adabu: “Afande, mnatafuta nini, na kwa sababu gani?” Akikamatwa, Ibara ya 49 humpa haki ya kuelezwa sababu mara moja, ya kunyamaza, na ya kumwita wakili.

Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda, alipigwa risasi na polisi mwaka 2015 aliposimamishwa, akalalamika. Mwaka 2016, alipotoka Mahakama ya Mavoko, jirani yetu, alitekwa na kuuawa pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva Joseph Muiruri. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani polisi watatu na raia mmoja.

Basi, ndugu zangu, kijana wetu anayedai haki asiende kituoni wala mahakamani peke yake. Mzee wa kanisa na aandamane naye.