Kalsiamu na Ualkali katika Tangi la Matumbawe: Kwa Nini Kipimo cha Mwezi Hakitoshi



Niliombwa nianze na misingi. Wengi mnaijua, kwa hiyo nitaipita haraka. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kaboneti ya kalsiamu. Maji ya bahari yana kalsiamu kama miligramu 420 kwa lita, na ualkali wa karibu digrii 7 za Kijerumani. Magnesiamu, kama miligramu 1,300, huzuia viwili hivyo visigandane ovyo. Baharini maji hupwa na kujaa, yakaja mapya. Tangini kilicholiwa kisiporudishwa kimekwisha.

Jambo lililonileta ni upimaji. Kwa miaka mingi fomu za kituo chetu zimetaka kalsiamu ipimwe kila wiki na ualkali mara moja kwa mwezi. Nimeandika barua tatu, bado fomu ni ile ile, na linaniuma. Siilaumu ofisi: vitendanishi ni ghali na bajeti hupangwa mapema. Lakini tuangalie hesabu. Matumbawe yakila digrii 1 ya ualkali, kalsiamu hupungua kama miligramu 7 tu kwa lita. Tangi likishuka kutoka digrii 8 hadi 6, robo nzima ya ualkali imekwenda, ilhali kalsiamu imetoka 420 hadi 406. Tofauti hiyo ndogo kipimo cha matone huweza kuikosa kabisa. Fomu itaonyesha salama, na matumbawe hayana cha kujengea.

Mwaka jana tulirudi kazini baada ya Idi tukakuta tangi la lita 600 limefika digrii 6. Kijana wa zamu, kwa nia njema, alipima gramu 36 za bikaboneti ya sodiamu, hesabu sahihi kabisa, akaziyeyusha pamoja na kloridi ya kalsiamu katika ndoo moja, akamimina yote. Maji yakawa meupe kama tui. Kesho yake hita na pampu zilikuwa na ukoko mgumu, kama ule wa birika la maji ya kisima, na ncha za matumbawe ya pembe zimebaki mfupa mtupu. Ualkali haukuwa umepanda hata kidogo.

Napendekeza ualkali upimwe kila siku, saa ile ile. Upungufu urudishwe taratibu, usizidi digrii 1 kwa siku. Dawa mbili zisikutane ndooni. Kila moja itiwe peke yake, penye mkondo. Bikaboneti iwe safi, si magadi ya mawe tunayolainishia maharage, kwani yana kaboneti inayopandisha pH ghafla, na floridi pia. Maji ya chokaa, ambayo pH yake hupita 12, yadondoshwe polepole usiku. Zamu za sikukuu ziwe na jina la mpimaji.

Narudia: ualkali upimwe kila siku. Bajeti ikibana, tuanze na tangi moja, lile la matumbawe ya pembe, kwa miezi mitatu. Kalsiamu ipimwe kila wiki mbili, na fedha itakayookolewa inunue vitendanishi vya ualkali.