Sikukuu ya Mgeni

  Walio katika vikundi vya kusikiliza na wasogee karibu na redio. Mwisho wa somo yako maswali ya kuzungumzia.

Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo tumtazame mgeni aliyekuja na jembe lake mkononi, yaani mtu wa kujitolea. Ameiacha nchi yake, anafundisha hesabu shuleni au anasaidia katika zahanati, na kwa miezi mingi haonji chakula cha kwao wala hasikii lugha ya mama yake. Kisha sikukuu ya kwao inafika. Afanyeje? Na sisi majirani zake, je, yatupasa nini?

Tutwae mfano wa Wamarekani. Rais Kennedy alianzisha shirika la Peace Corps tarehe 1 Machi 1961, na kabla mwaka ule haujaisha wapima ardhi, mainjinia na wajuzi wa miamba walikuwa wamekwisha fika Tanganyika kusaidia kazi za barabara. Wamarekani wana Sikukuu ya Shukrani, ambayo kwa sheria ya mwaka 1941 huwa Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Mwaka 1961 ilikuwa tarehe 23, siku 16 tu kabla ya Tanganyika kupata Uhuru.

Asili ya sikukuu hii ni habari ya wageni na wenyeji. Mwaka 1620 Waingereza wapatao 100 walifika Plymouth, Marekani, kwa merikebu iliyoitwa Mayflower. Majira ya baridi ya kwanza yaliua karibu nusu yao. Walionusurika walifundishwa na mwenyeji mmoja, Tisquantum, jinsi ya kupanda mahindi na kuyatilia mbolea ya samaki. Walipovuna mwaka 1621 walifanya karamu ya siku tatu. Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, akaja na watu wake wapatao 90, nao wakaleta kulungu watano.

Lakini upande wa pili tusiufiche. Wageni waliongezeka, wakazidi kuitwaa ardhi, na mwaka 1675 vita vikazuka kati yao na watu wa Massasoit. Ndiyo sababu tangu mwaka 1970 baadhi ya wenyeji wa asili hukutana Plymouth siku iyo hiyo, si kusherehekea, bali kuomboleza. Hapa pana funzo kwa kila mgeni: asimsahau aliyemwonyesha kupanda.

Sasa turudi kijijini kwetu. Chakula cha siku hiyo ni bata mzinga, viazi vitamu, maboga na mahindi. Vyote hivi asili yake ni Amerika, navyo vililetwa Afrika baada ya Wazungu kuvuka Atlantiki mwaka 1492. Basi mgeni adhaniaye kuwa yu mbali na kwao atakiona chakula cha kwao gengeni. Akikosa bata mzinga, kuku atatosha. Akikosa jiko la kuokea, jirani atamwonyesha kupalia makaa: moto chini ya sufuria, na makaa mengine juu ya kifuniko.

Nawashauri watu wa kujitolea mambo matatu. La kwanza, Alhamisi kwetu ni siku ya kazi. Usiwaache wanafunzi bila mwalimu, karamu yaweza kungoja Jumamosi. La pili, waalike majirani, nawe uwaeleze maana ya siku hiyo. Ikiwa miongoni mwao wamo Waislamu, mwombe mmoja wao achinje, ili wote wale kwa moyo mweupe. La tatu, usifanye karamu ya kujionyesha. Jirani atakula kwa furaha, lakini akiona gharama asizoweza kuzirudisha, safari nyingine ataona haya kuja.

Nanyi wenyeji, muulizeni mgeni wenu sikukuu zake ni lini. Siku ya Idd tunapelekeana sahani nyumba kwa nyumba. Basi na yeye apelekewe sahani katika siku yake. Kumbukeni saa pia. Saa 2 usiku kwetu, mwezi wa Novemba, ni saa 6 mchana katika mji wa New York. Ndipo jamaa zake wanapokusanyika mezani, naye yu peke yake na taa yake. Saa hiyo hodi ya jirani ni dawa.

Wengine watasema: mgeni afuate desturi zetu, aziache zake. Hasha! Mwacha mila ni mtumwa. Vijana wetu walioko ng'ambo hukutana tarehe 9 Desemba, katikati ya baridi, wakapika pilau na kukumbuka Uhuru. Tulipendalo kwa watoto wetu, tusimnyime mtoto wa mwenzetu.

Maswali ya kikundi: Ni mgeni gani anafanya kazi kijijini kwenu? Sikukuu yake kubwa ni ipi? Nani atakwenda kumwuliza kabla ya somo lijalo?