Simu ni Amana: Tumfikie Aliyedhulumiwa

Shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu, Mlinzi wa wanyonge. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Khutba yetu ya leo yahusu dhulma inayofichwa majumbani mwetu kwa jina la stara: watoto na wanawake wanaotumiliwa miili yao kwa ajili ya fedha na matamanio ya watu.

Uovu huu si mpya. Huko Madina, Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, aliwalazimisha wajakazi wake wajiuze ili yeye apate mali. Wakamshitakia Mtume (S.A.W.), na ikateremka aya ya 33 ya Surat An-Nur kuliharamisha jambo hilo. Aya hiyo imetaja msamaha na rehema, na wanazuoni wengi wamefasiri kuwa rehema hiyo ni ya yule aliyelazimishwa. Basi lawama ni ya mwenye kulazimisha. Itakuwaje sisi tumlaumu ambaye Mola wake amemhurumia?

Tena zingatieni: wanawake wale walipata pa kupeleka mashitaka yao, wakasikilizwa. Je, binti wa leo ana pa kushitakia?

Katika mwaka 2006 ulitolewa uchunguzi juu ya pwani ya Kenya, kutoka Malindi na Kilifi hata Mombasa na Kwale. Ulionyesha kuwa wanaowanunua watoto si watalii peke yao. Wenyeji wengi walikuwamo. Na leo mnunuzi hana haja ya kusimama njiani. Huingia kwa simu, akaanza kwa salamu na zawadi ya vocha, kisha akaomba picha, kisha akaigeuza picha ile kuwa kamba ya kumfunga mtoto kwa vitisho.

Lakini kisu kinachojeruhi ndicho hicho hicho kinachokata kamba. Simu iliyomtia mtoto mtegoni yaweza kumtoa. Kenya na Tanzania ipo namba 116 ya kuwasaidia watoto, na kuipiga hakuna malipo, hata simu isiwe na salio. Kenya ipo pia namba 1195 kwa wanaodhulumiwa kijinsia. Anayepokea husikiliza, kisha humuunganisha mwenye shida na ustawi wa jamii, polisi au hospitali. Wazazi na walimu wa madrasa, wafundisheni watoto namba hizi kama mnavyowafundisha jina la mtaa wao.

Na msaada una adabu zake. Kwanza, usimwandikie aliyedhulumiwa maneno ya siri ikiwa simu yake hushikwa na mwenye kumdhulumu. Muulize kwanza kama yu salama kuzungumza. Pili, ujumbe wa vitisho usifutwe, kwani ni ushahidi. Tatu, picha ya aibu isipitishwe kwa mtu mwingine, hata kwa nia ya kuonya; kuieneza ni kumdhulumu mara ya pili. Nne, aliyeingiliwa kwa nguvu afikishwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa ya kukinga virusi vya UKIMWI haifai baada ya hapo. Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo daktari, polisi na mshauri hupatikana pahali pamoja.

Ndugu zetu, twasikitika kusema kuwa simu nyingi hukatwa na wazee. Mtoto akishasema, jamaa hukutana barazani, wakapokea fedha, au wakamwoza kwa aliyemharibu, wakaiita sulhu. Sulhu iko wapi ikiwa aliyedhulumiwa hakuulizwa? Mtume (S.A.W.) alitufunza kumsaidia ndugu yetu aliyedhulumiwa, na kumsaidia mwenye kudhulumu kwa kumzuia na dhulma yake. Stara ni kulihifadhi jina la mtoto; kumhifadhi mhalifu si stara.

Namba ni mlango tu. Mtoto atakayeitikiwa na mgeni kwa upole, kisha akarudi nyumbani kwenye matusi, hatapiga tena.

Ewe Mola wetu, wape faraja waliodhulumiwa, zifungue ndimi zao, uyafungue masikio yetu, na uwazuie madhalimu. Amin.