Demani na Mafundo Yake



Leo tutazungumza juu ya kamba moja tu ya jahazi, nayo ni demani. Wenzetu wa bara wafahamu kwamba demani hufungwa kwenye pembe ya chini ya tanga, upande wa nyuma, na kwa kamba hiyo baharia hulivuta tanga lishike upepo au hulilegeza liuachilie. Ina ncha mbili, na kazi zake ni mbalimbali kabisa. Ncha ya tangani haina ruhusa kufunguka; ncha ya chomboni yapasa kufunguka mara moja. Mwenye kuzichanganya huweza kukipindua chombo.

Tuanze tangani. Wako wapendao kutia pingu ya chuma. Mimi siipendi. Tanga likipigapiga, chuma kile huruka kama rungu, na vichwa vya watu vi karibu. Kiungo cha kamba ni bora. Ni kipande kifupi chenye fundo kubwa ncha moja, na ncha ya pili kitanzi chembamba ambacho fundo lile hupenya kwa shida. Kipitishe katika tundu la tanga na katika kitanzi cha demani, kisha ingiza fundo katika kitanzi chake, kibane shingoni. Tanga likishushwa, vidole hutosha kukifungua.

Asiye na kiungo na apige tanzi lisilokaza. Fanya tundu dogo katika kamba, ncha ikipita juu. Ipitishe ncha katika tundu la tanga, irudi, ipande kutoka chini ya tundu dogo, izunguke nyuma ya kamba kuu, na ishuke tena mle mle. (Mtu wa bara kama mimi hulikosea mara nyingi kabla ya kulipata.) Halitelezi likivutwa, lakini kamba ya nailoni ikitikiswa bila mzigo hulegea, basi acha mkia wa shubiri moja.

Chomboni, usipige fundo la kukaza. Izungushe kamba kwenye kigingi mara moja au mbili, ncha ibaki mkononi. Ukilazimika kufunga, funga kwa kitanzi cha kuchomoa kwa mvuto mmoja. Dharuba ya kusi haibishi hodi, na fundo lililolowa na kukazwa halisikii vidole. Kisu kikitafutwa, ubavu umekwisha kunywa maji.

Na kabla ya kutweka, pitisha mkono pale demani inaposuguana na mbao. Ukikuta nyuzi zimekatika, ikate hapo, ufunge upya.