Tuliza Nyumba, Mtoto Akusikie

  Mimi ni muuguzi wa jamii hapa Mugutha. Leo tutazungumza juu ya mgeni anayeingia nyumbani bila kupiga hodi. Mgeni huyo ni kelele.

Kwanza fanya jambo moja. Simama katikati ya chumba chako, upige makofi mara moja tu. Je, sauti imekatika papo hapo? Ama imelia na kurudi, kama uko ndani ya debe tupu? Kumbuka jibu lako. Tutalirudia.

Sasa nikueleze kisa cha mama mmoja. Alikuja kliniki na mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi minne. Akaniambia, "Sista, huyu mtoto ni mkaidi. Namwita mara tano haitiki. Na kuongea hataki." Akakiri kwamba alikuwa ameanza kumchapa ili asikie.

Nilimtuma mtoto akapimwe masikio. Majibu yakarudi kwamba anasikia vizuri. Basi nikamwambia mama asubiri, mtoto ataongea akifika wakati wake. Hapo nilikosea. Nilimwangalia mtoto, sikuiangalia nyumba anamolelewa.

Baada ya mwezi mmoja nilimtembelea nyumbani. Ilikuwa nyumba ya chumba kimoja. Kuta ni mabati, paa ni mabati, sakafu ni simiti tupu. Runinga ilikuwa inaongea tangu asubuhi ingawa hakuna aliyeitazama. Ukuta wa pili kulikuwa na fundi wa kuchomelea madirisha, anakata vyuma. Nilimwuliza mama kama mtoto amekula. Akajibu, nisisikie. Nikauliza tena, akajibu tena, nisisikie. Mara ya tatu sote wawili tulikuwa tunapiga kelele kama makanga stejini.

Ndipo nikaelewa. Mimi ni mtu mzima na maneno yote nayajua, lakini nilishindwa kumsikia mtu aliyeketi hatua mbili kutoka kwangu. Je, mtoto ambaye analisikia neno kwa mara ya kwanza atalipata vipi?

Msikilizaji, mtu mzima akikosa kusikia nusu ya neno, akili yake humalizia iliyobaki. Mtoto hawezi, kwa sababu neno lenyewe bado halijui. Wataalamu wamethibitisha kwamba mtoto anahitaji sauti iwe juu zaidi ya kelele kuliko mtu mzima anavyohitaji, na uwezo huo huendelea kukua mpaka anapobalehe. Kwa hiyo mahali ambapo wewe unaelewana na jirani yako bila shida, mtoto wako huenda anasikia mvumo tu.

Tena kuna usingizi. Kelele hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Kila zikiongezeka 10, sikio huona kana kwamba sauti imekaribia kuwa maradufu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1999 kwamba chumba cha kulala usiku kisizidi desibeli 30, na darasa lisizidi 35 wakati wa masomo. Hapa Kenya, kanuni za kelele za mwaka 2009 ziliweka kiwango cha desibeli 35 ndani ya nyumba ya kuishi wakati wa usiku. Mtoto anayeamshwa kila mara huamka na hasira, na mama yake vilevile. Kwa watu wazima, kelele za miaka mingi zimehusishwa na shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Sasa wengine mtaniuliza, "Sista, mimi napangisha ploti karibu na barabara kuu ya Thika. Nitahamia wapi?" Sikuambii uhame. Nataka tujifunze kwa nyumba za nyanya zetu na kwa viumbe vya Mungu.

Nyumba ya zamani ya Mkikuyu ilikuwa na paa la nyasi nene. Mvua iliponyesha, watu walizungumza kwa sauti ya chini wakasikilizana. Leo mvua ikianza Juja au Ruiru, mabati yanakuwa ngoma na mwalimu anaacha kufundisha. Tofauti ni nini? Nyasi ni laini na ina nafasi ndogo ndogo zilizojaa hewa. Sauti ikiingia humo inazunguka, inasuguana na nyuzi, inachoka na kuisha. Bati halina mahali pa kuichosha sauti, hivyo huirudisha chumbani ilivyokuja.

Mwangalie bundi. Wengi tunamwogopa, lakini huruka usiku bila kusikika, kwa sababu manyoya yake yana nyuzi laini zinazotuliza upepo. Angalia pia kiota cha ndege, kilivyotandikwa nyasi na manyoya. Mara nyingi kile kilicho laini na chenye nyuzi nyuzi hutuliza sauti, na kile kilicho kigumu na laini kama kioo huirudisha.

Lakini shika jambo hili vizuri: kitu kizito huzuia sauti isiingie, na kitu chenye nyuzi humeza sauti iliyokwisha kuingia. Ukuta wa mawe ya Ndarugu utazuia mlio wa lori kuliko bati. Pazia halitalizuia lori, ila litapunguza ule mwangwi wa ndani unaovuruga maneno. Usimwamini anayekuuzia kitambaa akisema kitanyamazisha barabara.

Basi tufanye nini kwa pesa kidogo?

Kwanza, zima. Runinga na redio isiyosikilizwa izimwe. Naam, hata hii yangu, kipindi kikiisha! Hii haina gharama, tena inaokoa stima. Chagua saa moja asubuhi na saa moja jioni ambayo nyumba itatulia, umsemeshe mtoto ukimtazama usoni.

Pili, tandika. Mkeka, zulia kuukuu au blanketi sakafuni hupunguza mwangwi na vishindo vya miguu. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli uvifunge kwenye miguu ya viti na meza visikwaruze.

Tatu, tundika. Chukua blanketi zito au leso kadhaa zilizoshonwa pamoja, utundike kwenye ukuta mmoja. Usiligandamize blanketi ukutani. Liachie nafasi ya upana wa kiganja, lifanye mikunjo. Nafasi ile ya hewa husaidia kumeza sauti. Mchana, godoro la wageni lisimamishe ukutani badala ya kulilaza chini ya kitanda.

Nne, angalia juu. Dari ya magunia ya katani au ya mikeka ya mafunjo hupunguza mlio wa mvua na pia joto la mchana. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kwanza.

Tano, sogeza. Kitanda cha mtoto kiwe upande usiotazama barabara, kinu cha kusagia wala fundi. Kabati lililojaa nguo liweke kwenye ukuta unaopakana na kelele.

Sita, panda. Pale koridoni mwa ploti, magunia machache ya sukuma wiki hupunguza kidogo mwangwi wa simiti, na mboga unapata. Ua wa miti mstari mmoja hauzuii sauti sana. Inahitajika miti mingi kwa upana. Lakini majani yanayovuma na ndege wanaoimba hutuliza moyo, na watafiti wameona kwamba sauti za namna hiyo hupunguza wasiwasi. Asubuhi na mapema, kabla magari hayajawa mengi, fungua dirisha mtoto asikie ndege wa Mugutha. Mwulize, "Huyo ni nani anaimba?"

Saba, zungumza na jirani. Mwendee kwa heshima, na si wakati umekasirika. Yule mama alimwomba fundi asikate vyuma saa nane hadi saa tisa, mtoto anapolala mchana. Fundi hakujua kama kuna mtoto. Alikubali.

Sasa sikiliza maonyo haya kwa makini.

Usizibe dirisha wala tundu la hewa kwa sababu ya kelele. Jiko la makaa katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa wamelala. Hewa nzito pia huleta nimonia na kueneza kifua kikuu. Kati ya kelele na kukosa hewa, chagua hewa.

Usiweke gunia, katoni wala kitambaa karibu na jiko, koroboi, mshumaa au nyaya za stima. Zile trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani humeza sauti kidogo sana, zinashika moto upesi na mende huzipenda. Ziache.

Kama mtoto ana pumu, vitambaa vya ukutani na mikeka vikung'utwe nje na kuanikwa juani kila wiki, mtoto akiwa mbali na vumbi.

Na usimtie mtoto pamba, mafuta, maji ya majani wala njiti ya kiberiti masikioni.

Mzazi, usikimbilie kulaumu nyumba kabla masikio hayajapimwa. Mpeleke mtoto kituo cha afya ukiona haya: mtoto mchanga hashtuki kwa kishindo, wa miezi sita hageukii sauti yako, wa mwaka mmoja haitikii jina lake, wa miaka miwili haunganishi maneno mawili, au wa umri wowote anatokwa na usaha sikioni, ana maumivu au homa. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuiwa. Nenda na kijitabu cha mama na mtoto. Ikihitajika utatumwa hospitali kubwa ya Ruiru au Thika.

Na yule mtoto je? Mama alizima runinga, akatandika mkeka, akatundika mablanketi mawili, akapata dari ya magunia. Aliacha kumwita akiwa mlangoni. Alimwendea, akainama, akamsemesha karibu. Nilirudi baada ya miezi mitatu. Nilipiga makofi chumbani, na sauti ikakatika papo hapo. Mtoto alinitazama, akaonyesha dirisha kwa kidole, akasema, "Mama, ndege."

Maneno mawili. Mama yake alifuta machozi kwa leso. Sisemi ni blanketi lililompa maneno. Kuna watoto wanaochelewa na bado wakafika. Ninachojua ni kwamba mtoto huyu hakuwa mkaidi, na fimbo ilikuwa inamwadhibu kwa kosa la mabati.

Kwa hiyo msikilizaji, rudi kwenye yale makofi yako. Kama sauti ililia na kurudi, anza leo na jambo moja tu. Kesho ongeza la pili. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Zima redio sasa, mgeukie mtoto wako, umwambie neno moja polepole. Kwaheri.