Kutenga Tope na Maji Katika Usafishaji wa Madini

Maongezi kwa makatibu na wanachama wa vyama vya Njombe na Makambako



Mkoa wa Njombe, uliozaliwa mwaka 2012, una chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, vyote wilayani Ludewa. Mali ya namna hiyo haitoki ardhini ikiwa safi. Jiwe lenye madini hupondwa, husagwa, kisha huoshwa. Na unga laini usiotakiwa hubaki umeelea majini. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wayajua vema maji hayo mekundu yatokayo mwaloni. Yakiachiliwa mtoni huziba mifereji na kufunika vinyungu vya wakulima walio bondeni, ambao pengine ni wanachama wa chama kile kile.

Kosa la kawaida ni kuchimba shimo refu na kungoja. Chembe ya jiwe yenye upana wa sehemu 1 kwa 100 ya milimita huhitaji kama saa 3 kushuka mita 1 katika maji yaliyotulia. Ikiwa ndogo mara 10 zaidi, mwendo hupungua mara 100, na safari hiyo huchukua karibu wiki 2. Kwa hiyo kinachotakasa maji ni upana wa bwawa. Kina ni ghala la tope tu.

Udongo wa mfinyanzi ndio mkaidi kuliko yote. Chembe zake hubeba umeme wa namna moja, hivyo husukumana. Shabu, ile ile itumikayo majumbani, huuvunja msukumano huo. Chembe hushikana, huwa mabonge, huzama. Lakini kiasi chake hakikisiwi. Zichukuliwe chupa 5 za maji hayo, zitiwe shabu kwa viwango vinavyopanda, zikorogwe taratibu, ziachwe nusu saa. Chupa yenye shabu kidogo kuliko zote ambayo maji yake yametakata ndiyo kipimo. Shabu ikizidi, chembe huweza kuelea upya, na fedha ya chama imekwenda na maji.

Makambako, penye mvua chache kuliko Njombe mjini, maji yaliyotakata hufaa kurudishwa kuoshea tena.

Hata hivyo maji maangavu si lazima yawe salama. Sianidi iliyoyeyuka haionekani kwa macho, wala shabu haiiondoi. Zebaki nayo hujificha topeni. Palipotumika vitu hivyo, katibu apeleke sampuli za maji na tope maabara kabla ukuta wa bwawa haujafunguliwa.